Kaptula ya kaka, mwili wa mdogo

Shule zinapofunguliwa Januari, mafundi cherehani wa Ngara mjini, Rulenge, Nyakahura na Biharamulo huletewa kazi zinazofanana: kushusha pindo la sketi iliyofupika, kubana kiuno cha kaptula iliyorithiwa, kutia kiraka mahali pa kukalia. Tangu Januari 2016 shule za serikali, kuanzia awali hadi kidato cha nne, hazitozi ada. Sare, hata hivyo, bado ni ya mzazi. Mwenye watoto wanne, anayetegemea fedha za maharage au ndizi, hana budi kubana. Jambo la kujiuliza ni mtoto yupi anayeubeba uzito wa kubana huko mwaka hadi mwaka.

Hesabu hii wameipiga wengi. Wajerumani, walioacha boma pale Biharamulo na hata neno “shule” katika Kiswahili, waliipiga kwao katikati ya karne iliyopita. Vita vilipoanza mwaka 1939, nguo zikauzwa kwa kadi ya mgawo. Vilipokwisha mwaka 1945, akina mama walishona makoti ya watoto kwa mablanketi na sare kuukuu za askari.

Mvulana wa Kijerumani alivaa kaptula hata kwenye baridi, na chini yake soksi ndefu za sufu zilizoshikiliwa na mikanda iliyofungwa kwenye kizibao cha ndani. Kaptula ilipunguza gharama ya kitambaa, na goti likichubuka hupona lenyewe, bali suruali ikichanika humsubiri fundi. Kule kusini, Bavaria, ilikuwepo kaptula ya ngozi iitwayo Lederhose, yenye mikanda ya mabegani. Ilinunuliwa kubwa, ikavaliwa miaka, kisha ikashuka kwa mdogo. Wasichana walivaa aproni juu ya gauni ili gauni lisichafuke upesi. Suruali ndefu ilikuwa alama kwamba kijana amekua, kama ilivyo hapa kwa wengi wanaovua kaptula ya msingi na kuvaa suruali ya sekondari.

Kurithishana nguo, basi, si aibu wala si umaskini wa Kagera peke yake. Aibu huja pale mtoto wa tatu au wa nne anapokuwa hajawahi hata mara moja kupimwa na fundi. Kila anachovaa kimekwisha kuchujuka rangi kwa wakubwa zake, na wenzake darasani wanajua. Kwa msichana wa darasa la sita au la saba hali ni nzito zaidi. Sketi ikishambana au kumfupikia, haendi tena ubaoni, haruki kamba, na siku nyingine husingizia kuumwa tumbo. Mzazi humwona mvivu, kumbe anaficha mwili wake.

Yapo mambo yanayosaidia bila kuongeza gharama kubwa. Kwanza, anayeshonesha sare kubwa ahakikishe mabega yanamkaa mtoto leo, na ukubwa uwekwe kwenye pindo. Pindo la upana wa vidole vinne linaweza kushushwa mara mbili, lakini bega lililoning'inia halina dawa.

Pili, anayekwenda kuchagua mitumba ampime mtoto urefu kabla ya kutoka nyumbani. Nguo nyingi za watoto zinazotoka Ujerumani na nchi jirani zake zina namba kama 104, 116, 128 au 140. Namba hiyo ni urefu wa mtoto kwa sentimita. Mtoto wa sentimita 113 akinunuliwa sweta la 116 atalivaa muda mfupi tu. La 122 litamfaa zaidi kwa asubuhi za baridi za Juni na Julai kule Ngara.

Tatu, mshono ukianza kuachia ushonwe jioni hiyo hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kitundu cha Jumatatu hufika Ijumaa kikiwa mpasuko.

Nne, sare ya pili, hata ikiwa ya kurithi, ina faida kuliko viatu vipya. Wakati wa mvua, mtoto mwenye sare moja huianika usiku juu ya jiko na kuivaa asubuhi ikiwa mbichi na inanuka moshi.

Kisha baba na mama wakae waangalie nani alipata nguo mpya mwaka jana na mwaka juzi. Kama jina la mdogo halijatokea, mwaka huu zamu iwe yake: apelekwe kwa fundi, asimamishwe, apimwe mabega na kiuno, na kaka mkubwa avumilie kiraka muhula mmoja.