Barua zetu si taka!

Haya wasomaji wangu, leo nina hasira, mnivumilie.

Kuna chama cha akiba hapa Waa nilichokiandikia programu ya kutuma taarifa kwa barua pepe. Wanachama 43, barua moja kwa mwezi, na kila mtu alitoa anwani yake kwa hiari. Mwezi uliopita tukaitisha mkutano wa mikopo. Siku ilipofika, akidi haikutimia. Kumbe barua nyingi ziliishia kwenye folda ya taka! Mama mmoja aliyengojea mkopo wa karo akarudi nyumbani mikono mitupu.

Msiniambie sikujiandaa. SPF, inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina letu, ipo. DKIM, ile sahihi ya kidijitali, ipo. DMARC, inayomwelekeza mpokeaji afanyeje barua ikishindwa ukaguzi huo, ipo pia. Tangu Februari 2024 Gmail inadai zote tatu kwa anayezitumia anwani zake barua 5,000 kwa siku au zaidi; mdogo anatakiwa awe na SPF au DKIM. Sisi wa barua 43 tunazo zote!

Shida iko wapi basi? Vitu hivyo vinathibitisha wewe ni nani, havisemi kama wewe ni mwema. Wema hupimwa kwa historia ya domeini na ya anwani ya IP. Barua zetu ni chache mno, historia haijengeki. Tena seva ya bei nafuu tunaitumia pamoja na wateja wengine, IP ni moja. Jirani akitapeli, sote tunachafuka. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Lakini jamani, hata mchuuzi wa samaki hunusa kabla ya kumwaga tenga zima!

Najua matapeli wapo, na vichujio vinatulinda. Ninachopinga ni ukimya. Seva yao ilijibu 250, yaani "nimepokea", kisha barua ikafichwa. Kama hamuitaki, ikataeni mlangoni na mseme sababu, nami nitarekebisha. Kuniambia nikalipie kampuni kubwa initumie barua 43 si jibu. SMTP ya mwaka 1982 haikuwekewa mlango wa wakubwa peke yao.

Nanyi wasomaji, fungueni folda ya taka leo. Mkikuta barua ya chama chenu, bonyezeni "si taka". Kichujio hujifunza kwenu, si kwangu.