Ardhi ya Upepo Itengwe na Nani?

Mwaka 2022 Bunge la Ujerumani lilipitisha sheria ambayo, kwa maoni yangu, yafaa kusomwa na kila mwakilishi wa wadi humu nchini. Sheria hiyo, iliyoanza kutumika tarehe 1 Februari, 2023, inayataka majimbo yote 16 yatenge ardhi kwa ajili ya mitambo ya umeme wa upepo. Ifikapo mwisho wa mwaka 2032, asilimia 2 ya ardhi ya taifa hilo yapaswa kuwa imetengwa. Mzigo haukugawanywa sawa kwa sawa. Niedersachsen na Brandenburg, majimbo ya tambarare, yamepewa asilimia 2.2, Bayern 1.8, Berlin, Hamburg na Bremen, ambayo ni miji yenye hadhi ya jimbo, nusu asilimia tu.

Msomaji atauliza: pana haja gani ya kulazimishana? Jibu liko Bayern. Mwaka 2014 jimbo hilo liliamuru kwamba mtambo uwe mbali na makazi kwa umbali usiopungua mara kumi ya urefu wake. Mtambo wa mita 200, basi, ulihitaji kilomita mbili, na katika nchi iliyojaa vijiji, mahali pa namna hiyo ni pachache mno. Ujenzi ukakaribia kukoma. Jimbo la Thuringen nalo lilipiga marufuku mitambo misituni, hata Mahakama ya Katiba ikalibatilisha katazo hilo mwaka 2022. Kila mtu alitaka umeme, ila mtambo ukae kwa jirani.

Hata hivyo, kilichonivutia si tarakimu hizo. Serikali kuu hutaja kiasi tu; kuchagua ni bonde gani au kilima gani ni kazi ya jimbo na maeneo yake, kwa mipango ambayo wananchi hupewa nafasi ya kuitolea maoni. Jimbo likizembea, kanuni zake za umbali hupoteza nguvu, na wajenzi huweza kuomba kibali karibu popote nje ya makazi. Aidha, sheria nyingine ya huko inaruhusu halmashauri zilizo ndani ya kilomita 2.5 kulipwa hadi senti 0.2 ya yuro kwa kila kilowati-saa.

Mimi ni mtu wa isimu, nami sina budi kulichungulia neno lenyewe. Kitenzi “kutenga” kina nyuso mbili: mgeni hutengewa fungu lake la chakula, na mkosaji hutengwa na jamaa zake. Kati ya watu waliotengewa ardhi na watu waliotengwa na ardhi pana tofauti ya kiambishi kimoja.

Kwetu kiambishi hicho kimetugharimu. Mradi wa upepo wa Kinangop ulipingwa na wenyeji kwa sababu ya ardhi, na mwaka 2016 ukaachwa. Kule Marsabit, mradi wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, ulipewa ekari 150,000 katika nchi ya wafugaji. Mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Meru iliamua kwamba hatimiliki hizo hazikutolewa kwa mujibu wa sheria. Wakati huo umeme wa mradi ulikuwa umekwisha kuingia katika gridi ya taifa kwa miaka mitatu! Mwekezaji alifika kwanza, hatimiliki zikafuata, na wenyeji wakasikizwa mwishoni, tena mahakamani.

Sisemi tunakili asilimia za Wajerumani. Huko kila kipande cha ardhi kina mwenyewe daftarini, ilhali malisho ya Marsabit ni mali ya jamii, na njia za mifugo hubadilika kufuata mvua. Lakini Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 tayari inazitaka kaunti zetu ziandae mipango yao ya kawi, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 imeweka utaratibu wa kuisajili ardhi hiyo. Kaunti ambayo malisho yake hayajasajiliwa itatenga nini, na kwa jina la nani? Basi usajili uje kwanza, ramani ya upepo iwe ya pili, na mwekezaji abishe hodi akiwa wa tatu.