Bei iandikwe, na kasoro iandikwe
KIBARAZANI
Na Mgeni Faki Shaame

Nyumba nyingi za Pemba zina begi ambalo halifunguliwi. Liko juu ya kabati au mvunguni mwa kitanda. Ndani yake mna magauni ya Sikukuu yaliyovaliwa mara mbili tatu, kanzu za chuo zilizokuwa zikifika kwenye vifundo vya miguu na sasa zinaishia magotini, sare za skuli, viatu vya kitoto, na shuka ndogo zilizonunuliwa kwa ajili ya arubaini. Kuvitupa, mama anaona israfu. Kuviuza, anaona haya. Basi vinakaa, mpaka mende na unyevu wa masika vimalize kazi.

Mama huyohuyo, likiingia kumi la mwisho la Ramadhani, utamkuta ameinama kwenye fungu la mitumba Chake Chake au Wete, anachambua gauni la mtoto wa Mzungu lililovuka bahari mbili kuja kumfikia. Simlaumu. Mitumba imetuvisha. Miaka ya themanini katikati, biashara ilipofunguliwa baada ya miaka ya uhaba, watu waliziita nguo hizo “kafa Ulaya”, wakacheka, wakavaa. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua, ili viwanda vyetu vipumue. Marekani ikatishia kufuta nafuu ya ushuru chini ya AGOA. Nchi nyingine zikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia msimamo wake, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo. Ule ulikuwa mjadala wa marais na mabalozi. Mimi leo nazungumzia nguo ambazo zimeshafika, zimeshalipiwa, na hazihitaji meli wala ushuru kutoka Konde kwenda Kengeja.

Hebu tufanye hesabu ya gauni moja la Sikukuu. Litavaliwa Sikukuu ya mosi, pengine na ya tatu, maana ya pili na ya nne zina nguo zake. Litatoka tena Mfungo Tatu, miezi miwili na siku kadhaa baadaye. Katikati huenda pakawa na harusi moja. Ikirudi Ramadhani, mtoto amerefuka na zipu haipandi. Gauni bado jipya, ila mwenyewe hayupo tena ndani yake. Kwa sensa ya 2022 kisiwa hiki kina zaidi ya watu 543,000, na ukitembea mtaani utaona mwenyewe ni wangapi kati yao walio watoto. Hiyo ni mali nyingi iliyolala mabegini.

Ninachopendekeza ni soko la vitu vya watoto la mali kauli, mara mbili kwa mwaka: Shaaban, kabla ya watu kuingia katika mfungo, na tena skuli zinapokaribia kufunguliwa. Mama analeta vyake, kikundi kinauza, kikishauza anapewa chake, na kisichouzika anarudishiwa. Jambo hili si geni kwetu. Wanawake wa hapa wanachukua majuba ya Dubai kwa mali kauli, wanachukua vitambaa, wanachukua mafuta ya nazi. Dalali wa mnada naye maisha yake yote anauza kitu cha mwenzake akapata ujira wake.

Wala hatutakuwa wa kwanza duniani kuufikiria mpango huu kwa watoto. Uingereza, wakati wa vita, nguo zilitolewa kwa mgao kuanzia Juni 1941. Wanawake wa shirika la kujitolea la WVS wakafungua vituo ambako mama alipeleka nguo zilizombana mtoto, akahesabiwa pointi, akachukua nyingine kubwa zaidi. Marekani, mwaka 1997, kina mama wawili wa Tulsa, Oklahoma, walianzisha mauzo ya aina hii yakaitwa Just Between Friends, na leo yanafanyika katika miji mingi ya nchi hiyo. Kule mwenye mali hupata zaidi ya nusu ya bei, na mwandaaji huchukua kilichobaki kwa kazi yake.

Najua jibu nitakalopewa barazani: “Nguo ya mtoto haiuzwi, hutolewa.” Ni kauli ya kiungwana, na anayeweza kutoa atoe, ndugu zake ndio wa mwanzo. Lakini tuseme kweli. Sadaka ya nguo hufuata ukoo, na ukoo una kikomo: dada naye ana begi lake, wifi naye analo. Halafu anayepewa hupewa na deni la shukurani, na watoto hawana siri. Mtoto amevaa gauni la kupewa, amefika kiwanja cha kufurahishia watoto Tibirinzi, amekaa kwenye bembea, mara anasikia sauti nyuma yake: “Hilo lilikuwa langu!” Aliyelipia shilingi elfu nane hana wa kumwambia hivyo. Ndiyo maana ningeshauri vya Wete viuzwe Mkoani, na vya Mkoani vipande gari kwenda Micheweni.

Kuna na hofu nyingine, ambayo husemwa kwa sauti ya chini. Wapo wasiotaka nguo iliyogusa mwili wa mtoto wao iingie mkononi mwa mtu asiyejulikana nia yake. Sitawacheka, kila mzazi na woga wake. Na ipo nguo ya mtoto aliyetangulia mbele ya haki, ambayo mama yake hataki kuiona ikipita njiani. Hiyo haiulizwi.

Haya ya kuuza, hofu na ugomvi wa pesa, yote matatu yanaweza kutatuliwa na kikadi kimoja kilichokatwa kwenye jalada la daftari kuukuu. Juu yake haliandikwi jina la mtu. Inaandikwa namba. Mwenye namba 14 anajulikana kwa katibu wa kikundi tu, kwenye kitabu kinachofungwa. Mnunuzi hajui gauni limetoka kwa nani, na mwenye gauni hajui limekwenda kwa nani.

Chini ya namba andika ni kitu gani na kinamfaa mtoto wa umri gani. Hapa watu wengi hudanganywa na lebo ya shingoni. Nguo ya Ulaya iliyoandikwa 104 imekusudiwa mtoto mwenye urefu wa sentimita 104, na iliyoandikwa miaka minne imepimwa kwa watoto wa huko. Chukua futi ya fundi, pima kifua na urefu, andika sentimita. Mama wa Kangani hatakuja na mtoto wake sokoni, lakini atakuja na kamba aliyompimia.

Kisha bei. Iwe moja, na isijadiliwe. Katika soko la watu wanaojuana, kuvutana bei ndiko kunakovunja udugu, maana muuzaji anaona amedharauliwa na mnunuzi anaona amekamuliwa. Gauni lililonunuliwa 25,000 na bado zuri liuzwe 8,000; sare iliyopauka iuzwe bei ya soda mbili. Ukitaka lishushwe siku ya mwisho, andika kabisa kwenye kikadi lishuke mpaka ngapi, ili asiyekuwepo asije akasema mali yake imetupwa.

Kikadi kiwe na sehemu mbili zenye maandishi yaleyale. Nguo ikiuzwa, nusu inakatwa inaingia kwenye sanduku pamoja na pesa, nusu inabaki kwenye nguo. Jioni vikadi vinahesabiwa, pesa zinahesabiwa, na lazima zikubaliane. Kifungwe kwa pini ya kujifunga, na siyo ile ya shungi yenye ncha wazi, mtoto akajichoma. Na kipite kwenye mshono au tundu la kifungo, maana pini kwenye hariri huacha tundu, na tundu nalo ni kasoro.

Mstari wa mwisho wa kikadi ndio ninaoupigania: kasoro. “Kifungo kimoja hakipo.” “Zipu inakwama.” “Doa la bibo mgongoni.” Sote tunaijua habari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono wake ndani ya rundo la nafaka sokoni, vidole vikatoka na unyevu, akamuuliza mwenye mali kwa nini asiiweke iliyolowa juu watu waione. Tunaisikia msikitini, tunatikisa vichwa, kisha tunalikunja gauni doa likawa ndani. Katika mali kauli jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu anayesimama mezani si mwenye gauni. Ukimficha kasoro, umemfanya mwenzako aseme uongo bila ya kujua.

Kabla ya kikadi, kuna kuchambua. Mtu wa Pemba hahitaji kufundishwa madaraja: karafuu anazitoa makonyo, anazianika, na akifika kituo cha ZSTC anajua kabla ya mpimaji kama zake ni za daraja la kwanza au la tatu. Nguo za watoto zitazamwe kwa jicho hilo. Isiyofaa mtoto wako mwenyewe kwendea dukani isipelekwe. Hiyo ni tambara la jikoni, na tambara lina heshima yake.

Kisha kufua. Doa la embe na la manjano huweza kuondoka kwa sabuni, ndimu na jua. La bibo na la utomvu wa mgomba halitoki, usijitese, liandike. Anika nguo ndani-nje isipauke, ipige pasi, funga vifungo vyote, na sare ziungwe suruali na shati lake pamoja. Tangu Septemba 1964 elimu Zanzibar imetangazwa kuwa bure, lakini sare hainunuliwi na Serikali; mzazi mwenye watoto wanne wa skuli ndiye atakayefika mwanzo kwenye meza hiyo.

Na hapa naomba tusikilizane vizuri. Vile vidonge vyeupe tunavyotia mabegini kufukuza wadudu, ambavyo wengi huviita karafuumaiti, aghalabu ni naftalini. Wapo watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali iliyoenea katika nchi zilizoishi na malaria kwa karne nyingi, visiwa vyetu vikiwemo. Kichanga wa namna hiyo akivishwa nguo yenye naftalini, chembe nyekundu za damu yake zinaweza kuvunjika, akageuka manjano na kuugua vibaya. Nguo za vichanga zilizokaa na vidonge hivyo zifuliwe na zianikwe upepo mpaka harufu iishe kabisa. Harufu isipoisha, zisiuzwe. Ukitaka kuhifadhi nyingine, tia karafuu za kweli. Hatuna uhaba nazo.

Yapo mambo ya kukataliwa mlangoni hata yakija na kikadi kizuri. Nguo za ndani, na chuchu za chupa. Vyandarua vilivyogaiwa na Serikali, kwa sababu si vya kuuzwa. Midoli yenye betri ndogo za mviringo ambayo kifuniko chake kimevunjika, maana betri hizo zikimezwa huunguza koo la mtoto. Na vile vigari vya kumfundishia mtoto kutembea, vinavyotuingilia kwenye makontena na maboksi ya jamaa. Kanada imepiga marufuku kuviuza tangu 2004, hata vilivyotumika, kwa sababu ya watoto walioporomoka navyo kwenye ngazi. Nyumba zetu nyingi zina baraza iliyoinuka na ngazi mbili tatu mlangoni. Kigari hakijui ukingo wa baraza uko wapi.

Nani asimamie? Si mtu mmoja, hata awe mcha Mungu namna gani. Mali kauli ya mtu mmoja ndiyo iliyowagombanisha mashoga: “nilikupa sita umenirudishia tano.” Kisiwa kimejaa vikundi vya kuweka na kukopa, na vikundi hivyo vimeshazoea sanduku lenye kufuli tatu, funguo zikikaa kwa watu watatu tofauti, na hesabu kusomwa mbele ya wote. Chombo kipo, wahasibu wapo, uaminifu umeshapimwa kwa pesa za hisa. Katika kila elfu moja kikundi kichukue mia mbili, iingie kwenye mfuko wake. Mia nane imrudie mwenye mali. Sheha aombwe banda la skuli siku za mapumziko, na asiombwe zaidi ya hapo.

Soko la kwanza litakuwa dogo, na litakuwa na makosa. La pili litategemea jambo moja: kama aliyenunua mara ya kwanza alifika nyumbani akalikunjua gauni, akakuta kilichoandikwa ndicho kilichopo. Akikuta hivyo, atarudi na begi lake. Akikuta doa ambalo kikadi hakikulisema, atawaambia wenzake, na kwa kisiwa chenye ukubwa huu, habari hiyo itafika Mkoani kabla ya gari la jioni. Vikundi vinavyotaka kujaribu vianze Rajab: daftari moja, futi moja, boksi la pini, na katibu mwenye mwandiko unaosomeka.