Wazee na Vijana Sahani Moja

Wako watu wasemao kwamba vijana wa hip-hop ni wezi, kwa kuwa hukata vipande vya sahani za santuri za wazee wa jazi na kughani mashairi yao juu yake. Sisi twawaonyesha Jazzmatazz, iliyotoka mwaka 1993.

Guru, mzaliwa wa Boston, hakutosheka na vipande. Aliwaita wazee wenyewe: Donald Byrd, mpiga tarumbeta aliyezaliwa 1932, na Roy Ayers, mpiga vibrafoni. MC Solaar, mzaliwa wa Dakar, akaghani kwa Kifaransa. Mzee alipiga, kijana akasema, na majina yao yote yakaandikwa.

Hapo ndipo penye fundisho. Kuchukua jasho la mzee bila kumwita ni dharau. Kumketisha mbele ni heshima, tena ni faida, kwani aliyenunua sahani ile kwa ajili ya Guru alimsikia na Byrd. Guru alifariki 2010, Byrd 2013, Ayers 2025. Kazi yao ingali hai.

Ndugu, kila mwenye bendi, chama au kikundi na ajiulize: wazee wetu twawaita, au twachukua vipande vyao tu?