Kabla ya kukopa ada ya uuguzi Johannesburg

Wadogo zangu mnaotaka kusomea uuguzi hapa Johannesburg, msianze na mshahara. Anzeni na jina la kozi. Kozi za zamani za muuguzi msaidizi hazipokei tena wanafunzi wapya. Sasa kuna astashahada ya mwaka mmoja, stashahada ya miaka mitatu na shahada ya miaka minne. Lakini bado matangazo yanabandikwa kwenye nguzo za taa, na namba ya WhatsApp chini yake, yakiuza cheti cha ulezi wa wagonjwa majumbani kana kwamba ni uuguzi. Ukimaliza, Baraza la Wauguzi (SANC) haliwezi kukusajili, na mzazi alishakopa ada kwa mashonisa, wakopeshaji wa mtaani, ambao riba yao haisubiri mtu apate kazi. Inaniuma sana.

NSFAS, mfuko wa serikali wa kufadhili wanafunzi, haigharamii vyuo binafsi. Chuo cha serikali, Gauteng College of Nursing, kina kampasi Baragwanath na Ann Latsky. Nafasi ni chache, lakini mimi ningesubiri mwaka mzima niombe tena kuliko kuingia deni. Na tusidanganyane: mwaka wa huduma kwa jamii baada ya stashahada unalipwa, ila baada yake wapo waliosajiliwa na bado wanatafuta ajira. Pigeni hesabu ya deni mkiwaza miezi ya kutafuta kazi bila mshahara.

Tafadhali, ulizeni SANC kama chuo na kozi vina ithibati kabla hamjalipa hata randi moja.