Kusini kwa Nani?

Lipo jina ambalo tumelizoea mno kiasi kwamba hatulisikii tena: Nyanda za Juu Kusini. Limo katika taarifa za hali ya hewa, katika mipango ya kilimo, katika maonesho ya Nanenane pale Mbeya, na hata katika tasnifu za uzamivu tunazozipitisha vyuoni kwetu. Nami nauliza: kusini kwa nani? Mtu aliyesimama Igwachanya, makao makuu ya Wilaya ya Wanging'ombe, hayuko kusini kwa chochote; yuko pale alipo. Kusini ni kwa yule aliyeketi Dar es Salaam au Dodoma na ramani mezani. Kwa mwenzake aliyeketi Lilongwe, nchi hiyo hiyo ni kaskazini.

Wapo watakaosema kwamba huu ni ugomvi wa maneno tu. Sikubali. Ndani ya jina hilo imo nadharia nzima ya historia: kwamba Njombe, Mbeya na Ruvuma ni ukingo, mahali ambapo Tanzania inaishia na ambapo hakuna cha kutazama mbele yake. Hoja yangu ni kinyume. Ardhi inayoanzia Makambako, ikapita Ubena, Usangu, Ukinga na Unyakyusa, ikavuka Mto Songwe hadi Karonga na Mzimba, ikagusa Nakonde na Chipata upande wa Zambia na jimbo la Niassa upande wa Msumbiji, ni ukanda mmoja wa kihistoria. Umegawanywa kwa dola nne, na kila dola imeugeuza kuwa ua wake wa nyuma.

Tuanze na maji, kwa kuwa maji hayana itikadi. Mvua inayonyesha upande wa kaskazini wa milima ya Kipengere huteremka hadi bonde la Usangu, ikaingia Ruaha Mkuu na hatimaye Rufiji. Inayonyesha upande wa pili huchukuliwa na Ruhuhu hadi Ziwa Nyasa, ikatoka kwa Mto Shire, ikajiunga na Zambezi, na kufika baharini Msumbiji. Mawingu ya milima ile ile hulisha Bahari ya Hindi kupitia nchi mbili zilizo mbali kabisa. Ni vijana wangapi waliosoma Njombe hadi kidato cha sita wanaolijua hilo? Nimewauliza wa kutosha darasani, jibu halifurahishi.

Watu nao hawakuishi kwa kufuata rangi za ramani. Wanaisimu wanaziweka Kibena, Kihehe, Kisangu, Kikinga, Kipangwa na Kiwanji katika kundi moja. Ukishuka hadi Songwe utakuta Wanyakyusa ng'ambo hii na Wangonde ng'ambo ile, wakizungumza lugha ambayo ni moja kwa kila kipimo isipokuwa kipimo cha pasipoti. Wanyamwanga wako Tanzania na Zambia. Wanyanja wako kwenye fukwe za nchi tatu za ziwa moja. Aliyewatenganisha tunamfahamu: ni mkataba wa Julai 1, 1890 baina ya Uingereza na Ujerumani, ambao sisi tunaukumbuka kwa ajili ya Zanzibar na kisiwa cha Heligoland, tukasahau kwamba ndio pia uliopitisha mpaka kati ya Nyasa na Tanganyika, huku Uingereza ikihakikisha kwamba njia ya kuunganisha maziwa hayo mawili inabaki mikononi mwake.

Hapa nina ugomvi na watu wawili. Wa kwanza ni mwandishi wa vijitabu vya "asili na mila" za kabila. Namheshimu kwa kuhifadhi mengi ambayo vyuo vikuu vilipuuza, lakini kosa lake ni kulichukulia kabila kama shamba lenye beacon nne. Tazama Wangoni. Zwangendaba alivuka Zambezi mwaka 1835 akitokea kusini kabisa mwa Afrika, akafia Ufipa katika miaka ya 1840. Watu wake wakatawanyika: Mpezeni hadi iliyo leo Chipata, Mbelwa hadi Mzimba, wengine hadi Songea. Historia ya Songea bila Mzimba na Chipata ni barua iliyochanwa vipande vitatu, kila mmoja akisoma chake na kudai kwamba ameielewa. Na Ubena ikawa katikati ya Wangoni na Wahehe walipopigana kati ya 1878 na 1882. Vita hivyo haviwezi kuwa "historia ya Wahehe" wala "historia ya Wangoni" pekee.

Hata Wabena wenyewe hawakuwa na nia moja. Mwaka 1905, wakati wa Majimaji, Mtwa Mbeyela aliingia vitani na kituo cha misheni cha Yakobi kikashambuliwa. Wakati huo huo Kiwanga, mtawala wa Wabena walioteremka bonde la Kilombero, alisimama upande wa Wajerumani. Kijitabu cha kabila kitakuambia Wabena walifanya nini. Hakitakuambia kwa nini Wabena wawili walifanya mambo mawili. Na wamisionari hao wa Berlin hawakutokea Bagamoyo. Walipanda kutoka kusini kupitia Zambezi, Shire na Ziwa Nyasa mwaka 1891, ndipo wakasogea Ukinga na Ubena.

Wa pili ni mtunga mitaala. Tumeanzisha somo linaloitwa Historia ya Tanzania na Maadili. Nia ni njema, sina shaka, lakini jina lenyewe linaweka uzio kabla mwalimu hajashika chaki. Mwalimu wa Kidugala atafundishaje historia ya kijiji chake ndani ya uzio huo? Kidugala ilikuwa kituo cha misheni iliyoingia kwa njia ya ziwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilipokea kambi ya wakimbizi wa Kipoland, watu waliofukuzwa kwao na kufikishwa Ubena. Vijana wa nyanda hizi walikwenda kuwa manamba kwenye mkonge wa Tanga. Wengine walielekea kusini, kwenye shaba ya Rhodesia Kaskazini na migodi ya Afrika Kusini. Historia hiyo haikai ndani ya mipaka ya 1961.

Wala uchumi haukai. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao Novemba 1965, Zambia ilibanwa, na barabara ya kupitia Makambako ikawa koo la taifa jingine. Bomba la mafuta la TAZAMA likafika Ndola mwaka 1968. Kisha ikaja TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Makambako hii tunayoiita mji wa pembezoni ilikuwa, kwa miaka kadhaa, mahali ambapo ukombozi wa Kusini mwa Afrika ulipita ukiwa umepakiwa kwenye matangi na mabehewa.

Leo tunasema "Afrika Mashariki" na macho yetu yanaelekea Nairobi na Kampala. Jumuiya imeipokea Kongo, imeipokea Somalia. Sina neno na Mogadishu. Ila kutoka Makambako, Karonga ni karibu kuliko Dodoma. Najua tuko pamoja na Malawi na Zambia katika SADC, lakini SADC kwa mkulima wa Wanging'ombe ni kifupisho cha redioni. Aprili 2025 serikali yetu ilipozuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini, ikijibu vizuizi vya nchi hizo dhidi ya mazao yetu, tuliujadili mgogoro ule kama mchezo wa timu za taifa. Zuio halikudumu. Ila hatukujiuliza ni tangu lini watu wa pande mbili za Songwe walianza kuitwa wageni sokoni.

Pingamizi moja ni zito na silikwepi. Mwaka 1968 Kamuzu Banda alidai kwamba mpaka halisi wa Malawi uko angalau maili 100 kaskazini mwa Songwe, akiutetea kwa historia ya Wamaravi. Nasi tangu miaka ya 1960 hadi leo tunabishana na Malawi iwapo mpaka ni ufukwe au ni katikati ya ziwa. Je, kufundisha umoja wa ukanda si kuwapa wanasiasa kuni? Banda aliisoma historia kama hatimiliki, na hatimiliki huwa na mmiliki mmoja. Ninayoitetea haina mmiliki mmoja, na wala haihitaji kusogeza hata jiwe la mpaka; azimio la Cairo la 1964 libaki lilivyo. Anayemjua Mngonde kama jamaa yake ndiye mgumu kushawishiwa kwamba ziwa lipiganiwe.

Mitaala itafunguliwa tena, kama ilivyo desturi yetu. Siku hiyo nitapendekeza mada moja tu ya kidato cha pili, Nchi za Nyasa kuanzia 1835 hadi 1975, iandikwe na walimu wa Njombe, Mzuzu, Kasama na Lichinga wakiwa chumba kimoja, na ramani yake ya kwanza iwe ya mito.