Acheni kutuambia "zima tu"

Jamani, hili limenichosha. Video ikionyesha ule utepe wa kijani chini ya picha, jibu la mafundi ni lile lile: zima chipu ya video, prosesa ifanye kazi yote. Hiyo si dawa. Ni kumkata mtu mguu kwa sababu kiatu kinambana.

Hapa Sagana vijana wanahariri video za harusi na za mashua za mtoni kwa laptopu za mitumba. Ukizima chipu, prosesa inachemka, feni inalia, betri inakwisha upesi. Na stima ikipotea? Kazi imelala.

Tena chanzo mara nyingi ni hesabu ya shule ya msingi. H.264, kiwango cha mwaka 2003, hugawa picha katika miraba ya pikseli 16 kwa 16. Sasa 1080 haigawanyiki kwa 16. Kwa hiyo picha hufungwa ikiwa na mistari 1088, na ndani ya faili kuna maelezo: kata 8 ya mwisho. Programu isiyoyasoma inakuonyesha mistari hiyo 8. Ikijazwa sifuri, utaiona kijani, maana katika rangi za video sifuri kote si nyeusi.

Basi rekebisheni! Kodi za FFmpeg na Mesa ziko wazi kwa kila mtu. Nawe usiyejua kuprogramu, toa ripoti: aina ya chipu, toleo la draiva, na kipande kifupi cha video. "Haifanyi kazi" si ripoti, ni malalamiko.